Uraibu na maradhi ya akili vitibiwe pamoja

Mhariri,

Naomba nafasi nipinge desturi ya kumwambia mraibu aache kwanza kilevi ndipo atibiwe sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa isiyoisha, huku kliniki ya afya ya akili nayo ikimrudisha kwa sababu bado anatumia. Mgonjwa ni huyo huyo mmoja, na mara nyingi hunywa ili apate usingizi au atulize hofu, ilhali pombe yenyewe, kwa kuwa hudhoofisha utendaji wa ubongo, humzidishia huzuni ileile anayoikimbia. Ni kweli kwamba huzuni iliyoletwa na ulevi pekee huweza kupungua baada ya wiki chache za kuacha, hivyo daktari ana haki ya kuchunguza kabla ya kuandika dawa. Lakini kuchunguza si kumfukuza. Isitoshe, mnywaji wa siku nyingi anayeacha ghafla bila usimamizi wa kitabibu anaweza kupata degedege na hata kufa, jambo ambalo wanaomhimiza ajikaze tu, nao ni wengi, hawalifikirii. Wakuu wa hospitali waanze kwa kuwafundisha wauguzi wa vitengo vyote viwili kuuliza kuhusu hali zote mbili, na faili la mgonjwa liwe moja.

Msomaji wako