Kikao kimesogezwa Jumamosi, na hela ya mzigo wa Tandale

Habari za jioni wapendwa, poleni na foleni.

Kikao chetu cha bajeti ya nyumbani sasa ni Jumamosi hii, saa 10 jioni, kwa mhazini Sinza. Jumapili wengi mna shughuli.

1. Mchango wa mzigo wa chakula tunaonunua pamoja sokoni Tandale ni 85,000 kwa kila kaya: mchele kilo 15, sembe kilo 10, maharage kilo 5, na nauli ya kirikuu. Mtumieni mhazini kabla ya Ijumaa saa 12 jioni, na tafadhali wekeni na ya kutolea. Safari hii tunanunua kwa kilo, mzani tukiuona. Debe la mara iliyopita lilikuwa limebonyea kitako, mmeona wenyewe mchele ulivyopungua. Aliyebanwa aniandikie pembeni, tutapanga.

2. Kila mmoja aje na daftari la matumizi ya mwezi huu. Umeme wa LUKU, gesi, maji na ada mnaziandika vizuri. Andikeni na bando, chipsi za watoto, na boda za asubuhi mkichelewa. Kwangu mimi boda zimeizidi LUKU!

3. Zamu ya kuchukua watoto shule: Jumatatu na Alhamisi bado hazina mtu.

Naomba kila mmoja aandike hapa "Nipo" au "Sipo", na kama anachukua mzigo, kabla ya kesho saa 3 usiku. Stika hazihesabiwi jamani.

Asanteni.