Barua ya Kufunga Muhula wa Kwanza: Mkimbiaji Wetu, Likizo na Mazoezi ya Jioni

Ndugu Wazazi na Walezi,

Salamu nyingi kutoka shuleni. Poleni na kazi za shamba, na poleni pia na barabara, maana najua wengine mtawafuata watoto kwa miguu.

Tunafunga muhula Ijumaa. Kila mwanafunzi atatoka getini na ripoti yake kwenye bahasha. Ifungueni mkiwa na mtoto, msome pamoja, halafu mtie saini. Tarehe ya kufungua shule imeandikwa chini ya ripoti, na kwa wale ambao bado hawajakamilisha mahindi na maharage ya chakula cha mchana, kiasi kilichobaki kimeandikwa hapo hapo. Kidato cha Nne watabaki wiki mbili kwa masomo ya ziada. Hisabati ya Kidato cha Pili bado haijakaa vizuri, na mwalimu wa taaluma atalizungumza hilo kwenye kikao, kwa hiyo mimi naliacha kwake.

Sehemu kubwa ya barua hii ni ya mbio. Tangu turudi kutoka UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa, ambako binti yetu mmoja alishinda mbio, simu yangu haijapumzika. Wapo wanaopiga kutoa pongezi. Wapo wanaouliza, kwa sauti ya upole lakini wakimaanisha, kwamba huyo binti anasoma saa ngapi. Na wapo watu nisiowajua kabisa wanaoomba namba ya baba yake. Nimeona ni bora niwajibu wote kwa pamoja.

Jina lake sitaliandika. Mama yake ameniomba hivyo, na kwa kweli hakuna mtoto shuleni asiyelijua.

Wengi hamkuwepo uwanjani, basi niwasimulie. Ilikuwa mita 3,000 wasichana, mizunguko saba na nusu, jua la saa sita mchana, uwanja wa vumbi uliochorwa mistari kwa chokaa na, chokaa ilipoisha, kwa majivu ya jikoni. Filimbi ilipolia wenzake walichomoka kwa kasi ya mita mia nne. Yeye alibaki nyuma kabisa, ametulia kama mtu anayesindikiza wageni. Baadhi ya walimu wa shule jirani walianza kututania. Mzunguko wa tatu akapita kundi zima kwa upande wa nje, akaongoza, na hakuna aliyemfuata tena. Alipomaliza, wawili alikuwa amewazidi mzunguko mzima.

Lakini ushindi wenyewe sicho nilichokibeba moyoni. Mwalimu wa michezo alisimama kwenye kona muda wote, simu mkono mmoja, kalamu mkono wa pili, daftari la mistari mikubwa limebanwa kwapani. Kila mara binti yetu alipopita, mwalimu aliandika muda wa mzunguko. Jioni, ndani ya basi, alinionyesha ukurasa ule. Tangu mzunguko wa tatu hadi wa saba, tofauti kati ya mzunguko mmoja na mwingine haikuzidi sekunde mbili. Binti hakuwa na mtu mbele wa kumfukuza wala nyuma wa kumtisha, hana saa mkononi, na kasi haikuyumba. Mtoto wa Kidato cha Tatu! Mwenye kuzijua mbio anaelewa kwamba kitu hicho ni kigumu kukipata kuliko kasi yenyewe.

Nikamkumbuka Jim Ryun, mkimbiaji wa Marekani. Waliosoma Jiografia kwangu wamechoka kulisikia jina hilo, ila wazazi wengi bado hamjalisikia.

Marekani kila jimbo lina mashindano yake ya ubingwa wa shule za sekondari, mwishoni mwa mwaka wa masomo. Mwanafunzi hafiki huko bila kupita kwanza ngazi za chini, kama sisi tunavyotoka shule, kata, halmashauri, hadi mkoa. Tarehe 15 Mei 1965, kwenye mashindano ya jimbo la Kansas mjini Wichita, Ryun, mwanafunzi wa miaka 18 wa shule ya Wichita East, alikimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 58.3. Maili ni mita 1,609, mizunguko minne na hatua chache juu. Binadamu wa kwanza kushuka chini ya dakika 4 alikuwa Roger Bannister, pale Oxford mwaka 1954, na siku hiyo alikuwa na wenzake wawili, Chris Brasher na Chris Chataway, waliomvutia kasi kwa zamu. Miaka 11 baadaye huyu kijana anafanya jambo lile lile katika mbio ya wanafunzi pekee, na hakuna hata mmoja kati yao wa kumvuta. Ilikuwa mara ya kwanza duniani.

Mwaka mmoja kabla, Compton, California, alikuwa amekimbia na watu wazima akapata dakika 3 na sekunde 59 kamili. Akashika nafasi ya nane. Naomba mzazi ambaye mtoto wake alishika nafasi ya nane kwenye mbio yoyote muhula huu aisome sentensi hiyo tena, taratibu.

Kuna sehemu ya habari zake ambayo ndiyo iliyonifanya niwaandikie. Alipokuwa mdogo surua ilimpunguzia usikivu. Timu za shule ya chini zilimkataa, hata ile ya besiboli ya kanisani. Alipoanza sekondari akiwa na miaka 15, maili yake ya kwanza iliyopimwa ilikuwa dakika 5 na sekunde 38. Muda huo hapa kwetu wapo wavulana wanaoukaribia wakiwa na viatu vya shule. Mwalimu wake, Bob Timmons, hakumfukuza. Ndani ya miaka miwili kijana yule alikuwa kwenye timu ya Marekani ya Olimpiki ya Tokyo 1964, na mwaka 1966, akiwa na miaka 19, akaweka rekodi ya dunia ya maili.

Binti yetu naye alipokuja Kidato cha Kwanza alikuwa mchezaji wa akiba wa netiboli. Akiba hasa, wa kushika chupa za maji. Mbio alianza kwa sababu mwalimu alikuwa akiwazungusha wote uwanjani kupasha misuli, na yeye pekee hakuwa akihema.

Kutokana na hayo, kuanzia muhula wa pili utaratibu wa mazoezi unabadilika. Hadi sasa tulikuwa tunafanya mchujo mwezi wa pili, wanaochaguliwa wanabaki, wengine wanarudi mabwenini au nyumbani. Mchujo huo tumeufuta. Mazoezi ya jioni, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, yatakuwa ya kila mwanafunzi anayetaka, awe wa kwanza au wa mwisho, na muda wa kila mmoja utaandikwa kwenye daftari. Mtoto atashindana na ukurasa wake wa mwezi uliopita. Timu ya kwenda kwenye mashindano itatoka humo humo wakati ukifika. Yanamalizika saa kumi na moja na nusu, ili wa kutwa wafike nyumbani kabla ya giza.

Sasa niseme na wale wanaotaka tumkimbize zaidi. Nawaheshimu, wengine ni wanariadha wa zamani, lakini hapana. Timmons alikuwa pia mwalimu wa kuogelea, na akaleta mbio mazoezi ya waogeleaji: kurudia, kurudia, kurudia. Ryun aliwahi kukimbia robo maili mara 40 katika zoezi moja. Watu huisimulia habari hiyo wakitikisa vichwa kwa kumsifu. Mimi nikiisoma namwona pia Ryun wa mwaka 1969, mtu wa miaka 22 mwenye rekodi za dunia, akitoka nje ya uwanja katikati ya mbio ya ubingwa wa taifa lake kwa kuchoka mwili na roho. Sidai kwamba mazoezi ya shule ndiyo yaliyomfikisha hapo. Alikuwa amebebeshwa mengi, magazeti yakiwemo. Ila hapa shuleni hakuna mtoto atakayepewa zoezi la namna hiyo maadamu ofisi hii naikalia mimi.

Na kabla hamjaniambia kwamba hadithi za Wamarekani hazituhusu, kumbukeni nani aliyezichukua rekodi za Ryun. Mwaka 1968, Olimpiki ya Mexico City, kwenye uwanja ulio juu zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, Kipchoge Keino wa Kenya alimwacha karibu sekunde tatu katika mita 1,500, baada ya Mkenya mwenzake Ben Jipcho kuufanya mzunguko wa kwanza kuwa wa moto. Rekodi zenyewe, hata hivyo, zilibaki za Ryun. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, mtoto wa Karatu, Filbert Bayi, umri miaka 20, aliongoza tangu mwanzo hadi utepe na kuichukua ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Mei 1975, Kingston, Jamaika, akaichukua na ile ya maili: dakika 3 na sekunde 51.0 dhidi ya 51.1 ya Ryun. Sehemu moja ya kumi ya sekunde! Mwaka 1980 kule Moscow, Bayi akaleta fedha ya kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui akaleta fedha ya mita 5,000, na hadi leo Tanzania haina medali nyingine ya Olimpiki. Septemba 2025 tuliwaruhusu wanafunzi kutazama marudio ya mashindano ya dunia ya Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida akishinda dhahabu ya dunia ya marathoni kwa kifua tu, yeye na Mjerumani wakiandikiwa muda ule ule wa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Bwalo lilipiga kelele hadi wapishi wakaacha masufuria.

Wanaouliza kuhusu masomo: swali lenu ni la haki. Ripoti ya binti huyu ni siri yake na wazazi wake, siwezi kuwasomea. Naweza kusema kwamba aliyekosa kipindi hafanyi mazoezi siku hiyo, na sheria hiyo haina bingwa. Nyambui niliyemtaja hapo juu alikimbia kwa niaba ya chuo kikuu cha Texas pale El Paso huku akisoma. Mbio zilimfungulia mlango wa darasa. Vyuo vya kule vinataka kuona cheti kabla ya kuona miguu, na hilo nimewaambia wakimbiaji wote mbele ya mwalimu wao.

Wanaoomba namba ya baba yake: haitatolewa. Tunajua zipo mbio za barabarani mijini zenye zawadi za fedha, na wapo wanaozunguka vijijini wakitafuta watoto wa kuwapeleka huko kwa mgawo. Mzazi yeyote akifuatwa na mtu wa namna hiyo wakati wa likizo, hata akija na kilo ya sukari na maneno matamu, ampeleke kwanza kwa mtendaji wa kijiji, kisha anipigie mimi. Mtoto wa miaka 16 hana haja ya kukimbia kilomita 21 kwenye lami.

Yeye mwenyewe Jumatatu anaingia kambi ya mkoa kujiandaa na mashindano ya taifa. Matroni wetu ataongozana na wasichana, na taulo za kike zimeshanunuliwa. Kinachopungua ni raba. Aliyo nayo imetoboka kidole gumba, na mkoani alikimbia mizunguko miwili ya mwisho soli ikipigapiga. Anavaa namba 38. Wenzake wanne walioteuliwa, mmoja wa mita 800 na watatu wa netiboli, nao wana mahitaji, na orodha iko kwa mhasibu. Mchango wowote utolewe risiti. Msitume fedha kwa mwanafunzi wala kwa mwalimu binafsi.

Kwa wakimbiaji wanaobaki nyumbani likizo hii, naomba mambo machache tu. Kuchota maji na kuchunga si tatizo, miguu ya watu wengi niliowataja ilijengwa hivyo hivyo. Tatizo ni usingizi. Msichana anayeamka saa kumi usiku kuwasha moto na kulala saa tano akiosha vyombo, huku kaka yake akitazama mpira, hawezi kukimbia wala kusoma. Gawaneni kazi. Maharage, mboga za majani, dagaa na yai likipatikana, vinatosha. Dawa za kuongeza nguvu zinazouzwa minadani msimnunulie mtu.

Kikao cha wazazi kitakuwa Jumamosi ya kwanza baada ya kufungua, saa tatu asubuhi, bwaloni. Ajenda ni Hisabati ya Kidato cha Pili, bei ya gunia la mahindi, na ombi la mwalimu wa michezo la kusawazisha uwanja upande wa mashariki, ambako mvua za Aprili zimechimba mfereji kwenye njia ya pili na ya tatu. Mwenye trekta au ng'ombe wa kukokota aje na jibu. Wengine njooni na majembe, tutaanza baada ya kikao.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule