Maneno mawili ya Homer

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, ila joto limetushika na umeme unakatika kila jioni. Swali lako limenichekesha: wale Wagiriki wa zamani wa Constantinople (Istanbul ya leo), Wakristo wa kufunga na kukesha, walitaka nini kwa Homer, yule mshairi wa kale wa Kigiriki, na miungu yake ya uzinzi na ugomvi?

Kwanza, wenyewe wasingekubali uwaite Wagiriki. Walijiita Warumi. Jina la Wahellene, wahenga wao hasa, kwa karne nyingi lilikuwa na maana ya wapagani. Na bado mtoto aliyetiwa shuleni alikaririshwa Homer! Mwaka 895 shemasi mmoja, Arethas, alinakilishiwa kitabu cha Plato, mwanafalsafa wa hao wapagani, kwa sarafu 21 za dhahabu: 13 ujira wa mwandishi, 8 za ngozi ya kuandikia. Kisha akajaza maelezo pambizoni kwa mkono wake. Kitabu hicho kiko Oxford hadi leo.

Lakini ngoja nikupe kisa cha Michael Psellos, mwandishi wa karne ya 11. Kaizari Constantine wa Tisa alikuwa na hawara, Skleraina, akampa cheo na kumweka ikulu, mkewe Zoe yupo anaona. Siku ya kwanza bibi huyu alipotoka hadharani na malkia, mtu mmoja akanong'ona: "ou nemesis". Yaani, si lawama. Basi, hakuongeza neno. Ni kama mimi nikwambie "haraka haraka" ninyamaze; utamalizia mwenyewe. Waliosoma walijua kuwa hayo ni maneno ya Homer, anapowasimulia wazee wa Troy, mji uliozingirwa vitani, wakiwa ukutani: wamemwona Helen, mrembo aliyepiganiwa, anakuja, wanasema si lawama watu kuteseka vitani miaka yote hiyo kwa mwanamke kama huyu.

Skleraina hakuelewa, akakaa kimya. Shughuli ilipokwisha akamtafuta yule bwana, akayarudia maneno kwa matamshi yake sahihi, akauliza maana. Alipoelezwa akajaa fahari, akamtunza zawadi.

Sasa nikafungua Homer nijionee. Wazee walewale, pumzi ileile, wanaendelea: hata hivyo, na apande merikebu aende zake, asituachie balaa sisi na watoto wetu! Sidhani kama Skleraina alitafsiriwa hayo pia. Hatunzwi mtu kwa maneno kama hayo.

Nisalimie mama na watoto.

Wako,
Zuhura