Zuhura, usilipe kwanza huyo Nero

Mwanangu Zuhura,

Picha ulizonitumia za ile sestertio unayotaka kununua, sarafu kubwa ya shaba ya Warumi yenye sura ya kaisari Nero, nimezikuza mpaka simu ikapata moto. Ni Nero mzuri, sibishi. Ila usilipe kwanza. Nisome mpaka mwisho, halafu uamue mwenyewe, maana pesa ni zako na umezitolea jasho.

Ziangalie nywele zake. Kila unywele umechimbwa kwa kina kilekile, makali yake bado yamesimama, ilhali herufi zinazomzunguka zimelika hata jina lake halisomeki vizuri. Sarafu ikipita mikononi mwa watu haibagui: panapoinuka ndipo panapolika kwanza, na kwenye sura ya Nero panapoinuka ni shavuni na kwenye nywele za juu ya sikio. Nywele zikibaki kali na herufi zimekufa, basi kuna mtu amekaa na sindano ya chuma chini ya darubini akazichonga upya. Tazama na hapo nyuma ya shingo, palivyokwanguliwa vijishimo vyote vikaisha, kisha pakapakwa kijani ili paonekane pa kale. Sarafu yenyewe yawezekana ni ya kweli kabisa, ya miaka ya 60 BK. Zile nywele ni za juzi. Muuzaji ameandika tu kwamba "imesafishwa kwa uangalifu." Mimi nikiona maneno hayo naweka simu chini.

Na bei yenyewe inasema. Sestertio ya Nero ambayo haijaguswa, yenye nywele kama hizo, haiuzwi euro 380. Zile zenye bandari ya Ostia na meli zake, au hekalu la Janus lililofungwa milango, zikiwa safi hufika maelfu. Kwa pesa yako unaweza kumpata Nero, tena wa halali, lakini awe amechakaa: lile shingo nene, kidevu, na mgongoni mwa sarafu umbo la kitu utakachokitambua kwa kukisia. Ukiona kitufe kidogo chini ya ncha ya shingo, hiyo ilifuliwa Lugdunum, ambayo leo ni Lyon, si Roma. Hata sarafu iliyolika sana, mara nyingi hicho kitufe huwa bado kipo.

Naomba uchakavu usikutishe. Hizi zilikuwa pesa za kutumia. Augustus alipopanga upya sarafu, kama mwaka 23 KK, sestertio ikawa sarafu kubwa ya shaba iliyochanganywa na zinki, gramu 25 hivi, upana wa zaidi ya sentimita 3, sawa na asi 4, ile sarafu ndogo ya matumizi ya kila siku. Ikitoka karakanani ilikuwa ya njano, inang'aa. Askari wa kikosi alilipwa sestertio 900 kwa mwaka. Kwenye ukuta wa kilabu kimoja Pompeii waliandika kwamba kwa asi 1 utakunywa, kwa 2 utakunywa kilicho bora, na kwa 4 utakunywa mvinyo wa Falernum. Wewe na mimi si wanywaji, lakini umeshapata picha: sarafu unayoitafuta ilikuwa bei ya kikombe kimoja cha mvinyo wa wakubwa. Tena zilizunguka muda mrefu ajabu. Postumus alipojitwalia ukaisari kule Gallia (Ufaransa ya leo) mwaka 260, sestertio za Traianus na Hadrianus, makaisari wa zaidi ya miaka 100 kabla yake, zilikuwa bado zipo mikononi mwa watu, zimelika zimekuwa laini, naye akazigonga sura yake juu ya sura zao. Kwa hiyo Hadrianus aliyechakaa ni sarafu iliyofanya kazi yake.

Nikipewa pesa yako na umri wako, ningeanza na karne ya 2. Sarafu za makaisari Hadrianus, Antoninus Pius na Marcus Aurelius, na za wale Faustina wawili, mama na binti, zilifuliwa kwa wingi na hadi leo zinapatikana. Kwa minada ninayoifuata, euro 60 mpaka 150 zinakupa uso unaotambulika kutoka upande wa pili wa meza. Faustina mkubwa alikufa Antoninus akiwa bado na miaka 20 ya kutawala, na mumewe aliendelea kumfulia sarafu za ukumbusho miaka yote iliyofuata. Ndiyo maana za marehemu ni nyingi kuliko za uhai wake. Hadrianus nampenda kwa sababu ya safari zake. Alizunguka majimbo, kisha akayafanyia sarafu. Ipo ya Africa, mwanamke aliyejiegemeza amevaa kichwani ngozi ya kichwa cha tembo, mkonga umetokeza mbele. Ikiwa nzima ni ghali, ila iliyolika bado huonyesha ule mkonga, na wauzaji wavivu huiandika tu "Hadrianus, mgongoni mtu amejiegemeza." Hapo ndipo mfuko mdogo unaposhinda. Jifunze kutambua maumbo yaliyofifia, na utanunua vitu ambavyo muuzaji mwenyewe hajui anauza nini. Pale Berlin unayo hazina kubwa ya sarafu ndani ya Bode-Museum. Nenda ukaangalie nzima nzima mpaka macho yazoee, halafu rudi kwenye zilizochakaa.

Karne ya 3 ina bei nafuu zaidi, na wengi wanaidharau bure. Severus Alexander na mama yake Julia Mamaea, Maximinus na lile taya lake, Gordianus wa Tatu ambaye alishika ukaisari akiwa mtoto wa miaka 13. Shaba yao si ile ya zamani: zinki ilipungua kila walipoyeyusha sarafu kuukuu kufulia mpya, uzito ukashuka, na vipande vingine vina pembe, karibu vya mraba. Mimi hizo pembe nazipenda. Mwaka 248 Philippus, mzaliwa wa Syria ambaye watu humwita Mwarabu, aliadhimisha miaka 1,000 ya Roma kwa michezo na wanyama, na wanyama wenyewe wakawekwa kwenye sarafu. Ya mkewe, Otacilia Severa, ina kiboko. Kiboko hasa, mdomo wazi! Hiyo nakuombea uipate kabla ya Nero yeyote.

Wapo wa kuwaacha. Caligula, Galba, Vitellius na Pertinax watakula mshahara wako. Na ukiona sestertio ya Otho yenye maandishi ya Kilatini, cheka uendelee na safari, kwa kuwa Roma haikumfulia shaba hata moja katika ile miezi 3 aliyotawala mwaka 69. Katika karne ya 16, Giovanni da Cavino wa Padova alitengeneza sestertio za kuiga kwa ustadi mkubwa kiasi kwamba leo zina wakusanyaji wake, na wengi waliomfuata walizisubu kwa kalibu wakaziuza kama za kale. Iliyosubiwa ina ngozi ya sabuni, vijishimo vya hewa, na mara nyingine mstari uliosuguliwa kwenye ukingo. Ndiyo maana nasema kila siku: omba picha ya ukingo. Sarafu iliyogongwa kwa nyundo, ukingo wake una mipasuko midogo ya chuma kilichotanuka. Nunua na mizani ndogo, ile ya kupimia dhahabu.

Kuhusu rangi, usifuate kijani peke yake kama wanavyofanya wenye pesa. Wanakilipia mno, na ndicho kinachobuniwa zaidi. Zilizotoka mtoni hubaki na njano ya shaba, kwa sababu udongo haukuzifunika zikaota ile ngozi ya kijani. Huko Ufaransa, kwenye mto Garonne karibu na Bordeaux, walitoa sestertio zipatazo 4,000 za chombo kilichozama karne ya 2. Zimesuguliwa na mchanga, sura zimelainika, na watu wengi hawazitaki. Ukikuta moja yenye karatasi ya kuonyesha ilikotoka, ichukue. Karatasi ni muhimu hata kwa sarafu ya kawaida, maana Ujerumani ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda mali za kitamaduni. Taka risiti inayosema ilitoka kwa nani.

Zikishafika kwako, usithubutu kuzisugua kwa ndimu na majivu kama bibi yako alivyosugua sinia zake za shaba. Ile ngozi ikitoka hairudi. Usiziweke kwenye mifuko ya plastiki laini yenye kunata. Karatasi ya kadibodi inatosha. Ukiona unga wa kijani hafifu unaotoka kwa kucha, huo ni ugonjwa wa shaba, chumvi na unyevu vinaila kwa ndani. Iloweke kwenye maji yaliyokenekwa (distilled) ya dukani, uyabadilishe kwa wiki kadhaa, uikaushe vizuri, kisha uihifadhi pakavu. Bora zaidi usinunue yenye unga.

Jambo ambalo huenda hukulijua: wasafiri wa Kigiriki wa karne ya 1 walipeleka shaba ya aina hii hii bandari ya Adulis, Eritrea ya leo, na wenyeji wakaikatakata wakaitumia badala ya sarafu. Imo katika mwongozo wa mabaharia wa wakati huo, uleule unaoitaja Rhapta, mji ambao wataalamu wengi wanauweka pwani ya Tanzania. Nilipoisoma niliinuka kumwambia mama yako, akaniuliza kama nimekumbuka kulipa umeme.

Basi, tufanye hivi. Mwandikie huyo muuzaji, umtake picha ya ukingo na nyingine yenye mwanga wa ubavuni. Akisita, umeshajibiwa. Huku London kuna mnada mwezi ujao wenye Nero wawili waliochakaa na fungu moja la karne ya 3 ambalo naona lina Otacilia ndani yake, ingawa hawakumtaja. Nitakwenda siku ya kuangalia, nizishike. Niambie kikomo chako kabla ya Ijumaa. Kiwe kimeshatoa ada ya mnada, ambayo mara nyingi ni asilimia 20 au zaidi juu ya bei inayotangazwa nyundo ya mnada ikigongwa, pamoja na kodi utakayotozwa huko ikivuka mpaka.

Mama yako anakusalimu, anauliza kama koti ulishanunua au pesa zote zimekwenda kwa Warumi.

Baba yako