Kabla hujahamia, pima kwa miguu

Mwanangu Zuhura,

Salamu kutoka Tabora. Huku hatujambo, na baba yako goti limepoa, juzi amekwenda msikitini bila fimbo. Ujumbe wako wa zile nyumba mbili za kupanga hapo Dar es Salaam, ya Chanika na ya Buguruni, nimeusikiliza, nikausikiliza tena usiku watu wamelala. Umeniuliza mimi ningechukua ipi. Chukua ya Buguruni kwa Mnyamani.

Ya Chanika najua inavutia. Vyumba vitatu, choo ndani, ua wa kuanikia nguo, na kodi yake ndogo kuliko ya vyumba viwili vya mjini. Ila ukikaa Chanika, mwenye nyumba si yeye peke yake atakayekudai. Konda atakudai asubuhi na jioni, tena umesimama na mkono uko kwenye bomba, Pugu, Gongo la Mboto, foleni mpaka mjini. Na Rayyan naye atakudai. Utatoka hajaamka, utarudi keshalala, na mumeo yuko barabarani na lori la Kongo. Mtoto atalelewa na dada wa kazi huku wazazi wote wawili wako safarini. Hilo ndilo linaloniuma, wala si nauli.

Mimi nimekulia mtaa wa Gerezani, kota za reli. Babu yako alikuwa fundi wa karakana, kazini akienda kwa miguu na mchana akirudi kula nyumbani. Shule tulikwenda kwa miguu, Kariakoo sokoni kwa miguu, Mnazi Mmoja siku ya Idi kwa miguu. Pesa hatukuwa nazo, lakini baba yetu tulikuwa naye. Reli hii ya Kati Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914, na watu wake tangu zamani wamezoea kuishi ubavuni mwake. Leo sensa ya 2022 imehesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na kila alfajiri wengi wao wanataka kwenda upande mmoja.

Ulikuwa bado shuleni Oktoba 2012 treni za abiria za mjini zilipoanza, watu wakaziita treni za Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Moja ilitoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa, ikipita hapo hapo Buguruni. Nyingine, ya reli ya TAZARA iendayo Zambia, ilitoka stesheni ya Tazara kwenda Mwakanga. Nakwambia haya kwa sababu dalali atakuambia upo karibu na reli, basi umemaliza. Muulize reli ipi. Ya Kati ina upana wa milimita 1,000, ya TAZARA 1,067, na hii ya umeme, SGR, 1,435. Treni ya njia moja haiingii njia ya nyingine. Ndiyo maana mtu wa Mwakanga akifika Tazara anashuka na kutafuta daladala ya kumaliza safari. SGR nayo, tangu 2024, ni ya kukuleta Morogoro na Dodoma ukija kutusalimia. Kazini haikupeleki.

Halafu treni ya mjini ni ya asubuhi na jioni. Ukiikosa, huwezi kusimama hapo ukingoja nyingine kama daladala. Kwa hiyo sikwambii ukae karibu na kituo basi. Kaa karibu na kituo, lakini mahali ambapo treni isipokuja siku haiharibiki. Buguruni ni mahali hapo. Soko lipo, la mchicha, dagaa na nazi, na jioni mafungu yanashuka bei. Ukivuka uchochoro unakuta mashine ya kusaga, fundi cherehani, duka la dawa, mama wa chapati anayekujua na anayekukopesha mpaka mwisho wa mwezi. Buguruni Sheli unapata gari la karibu kila upande wa jiji. Barabara ya Uhuru inakwenda moja kwa moja Ilala na Kariakoo, na siku magari yamegoma watu wanaishika kwa miguu mpaka wanafika. Rayyan akipandisha homa usiku, bajaji hadi hospitali ya Amana si safari. Na jirani atajua umetoka na mtoto mgonjwa, asubuhi atakugongea.

Sasa usimkabidhi dalali pesa kabla hujafanya haya. Nenda uione nyumba saa kumi na mbili asubuhi, siyo saa sita mchana anapotaka yeye. Mbebe Rayyan mgongoni, utoke mlangoni mpaka kituoni, uone njia ina mtaro uliofunikwa au la, ina taa au la, bodaboda wanakupisha au wanakusukumia ukutani. Ukifika, waulize abiria treni ya leo imekuja saa ngapi, usiulize ratiba ya mwaka jana.

Ukutani uangalie vitu viwili. Kwanza mstari wa maji. Nyumba nyingi za bei nafuu upande ule zimekaa kuelekea bonde la Msimbazi, na rangi mpya haiufichi sana: chini ya dirisha plasta inakuwa imevimba, ukiigusa inamomonyoka kama unga. Ukiona hivyo, ondoka, masika itakukuta kitandani. Pili, alama ya X nyekundu, hata iliyopakwa chokaa juu yake. Hiyo ni nyumba iliyowekewa alama ya kubomolewa, mara nyingi kwa kuingia hifadhi ya reli au ya barabara, na siku ya kubomolewa mpangaji ndiye hana pa kudai.

Jambo la mwisho ni Rayyan. Reli ya zamani haina uzio, watu wanaigeuza njia, wengine wanatandika nyanya pembeni yake. Treni haisimami ghafla kama bajaji hata dereva akikuona. Mfundishe mapema: anavuka ameshikwa mkono, anasikiliza kwanza, na kuchezea relini ni marufuku. Uzio wa SGR asiuguse wala asiuruke, juu ya reli kuna nyaya za umeme mkubwa wa kuendesha treni. Mwenzako akirudi mwambie naye arudie maneno hayo hayo, mtoto asikie sauti mbili.

Mwenye nyumba akitaka kodi ya mwaka, mwombe miezi sita, mwambie mumeo analipwa kwa safari. Baba yako ameuza asali, anasema miezi miwili ataibeba yeye. Nipigie ukishatoka kuiona, kabla hujasaini.

Mama yako