Tusichimbe madimbwi ya msimu Lindi na Mtwara

Mhariri,

Kila masika, madimbwi ya udongo mweusi wa mfinyanzi huzaa samaki wa jenasi ya Nothobranchius, urefu wa takriban sentimeta 5: dume ana rangi kali, jike kahawia iliyopauka. Watu hudhani wamedondoka na mvua. La! Mayai, yenye kipenyo cha kama milimita 1, yalikuwa kwenye matope makavu tangu kiangazi, ukuaji wake umesimama. Maji yakijaa, huanguliwa. Ila si yote, mengine husubiri mvua nyingine, na hiyo ndiyo akiba yao mvua za mwanzo zikikatika. Wiki chache baadaye samaki wanataga, na dimbwi likikauka wote hufa.

Kwa hiyo, kulichimba dimbwi libaki na maji mwaka mzima ni kuwaangamiza. Mayai huhitaji ukavu. Tena maji ya kudumu huwapa makao kambale wanaowala. Kifusi nacho hufukia mayai. Wakulima wa korosho, tafadhali msioshee bomba za dawa humo, hata dimbwi likiwa kavu. Wanaotafuta maji ya mifugo wachimbe lambo pembeni, mbali na mkondo wa mafuriko.

Msomaji, Lindi