Chewa hajahama, amemalizwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu hoja inayosikika kwenye madiko (mahali pa kushushia na kuuzia samaki) ya magharibi ya Pemba, kwamba chewa, samaki wa miambani, wamehamia upande wa bara na, kwa kuwa bahari ni moja, watarudi.

Bahari ni moja kweli, ila chewa si samaki msafiri kama nguru. Akishakuwa mkubwa hushika mwamba wake na pango lake, wala hakatizi Mkondo wa Pemba, bahari iliyo kati yetu na bara, wenye kina cha mita 800 hivi. Wanaosafiri ni mayai na vitoto, huchukuliwa na maji mwezi mzima na zaidi kabla ya kushuka chini, na maji ya pwani yetu huelekea kaskazini. Ndiyo maana mwamba mmoja hupata mbegu na wa jirani ukakosa. Na palipopita uvuvi wa kigumi, matumbawe yakapigwa miti ili samaki watoke hadi yakawa kifusi, hata mbegu ikifika haina pa kujificha.

Zito zaidi ni hili: chewa wengi huanza wakiwa majike, wakishakua ndipo baadhi yao hugeuka madume. Tukichagua wale wakubwa tu, tunaondoa madume. Tena hukusanyika pahala pamoja kutaga, wengine miezi ya kaskazi mwezi unapoandama. Dalili yake ni chewa wengi kwenye mteremko mmoja, matumbo yamejaa, ukimbonyeza hutoka mayai au maji meupe. Ukiona hivyo, ng'oa nanga.

Chewa mdogo aliyepandishwa kutoka pima 15 (mita 27 hivi) huvimba, na kitu kama puto hutokeza mdomoni. Msikichome kisu! Hilo ni tumbo lake la chakula. Ili kumrudisha chini, chukua ndoana, saga kijino cha ncha yake, funga kamba kwenye kipindo cha ndoana na chubwi (uzito wa kuzamishia) la kilo 1 au 2 kwenye tundu lake, ncha itazame chini. Itie mdomo wa chini, mteremshe pima 8, kisha vuta kamba kwa ghafla. Ndoana hutoka, naye huenda zake.

Kisiwa cha Misali kina eneo lisilovuliwa tangu 1998, lakini chewa anayetaga nje ya mipaka yake hana mlinzi. Kamati za wavuvi za shehia zifunge miteremko ya kutagia siku tano kabla ya mwezi kuandama na tano baada yake, Disemba hadi Februari, na mabwana diko, wasimamizi wa mauzo dikoni, wasiuze chewa mwenye mayai siku hizo.

Mdau wa uvuvi,
Wete, Pemba